Shikamoo kwa Mtani

Mimi ni Mpare, na duka lililotazamana na letu lilikuwa la Mchaga. Kwa mtu aliyekulia Tanzania hayo yanatosha. Kwa asiyejua, Wapare na Wachaga ni watani. Mababu zetu waligombana, wakachukuliana ng'ombe, wakachoka, wakaamua bora wachekane. Mtani anaruhusiwa mengi. Anaweza kuingia nyumbani kwako akafunua sufuria bila kukaribishwa, akakusimanga kwa ubahili mbele ya wakwe zako, akakuita mume wake au mke wake. Wewe huna ruhusa ya kununa. Mtani hanuniwi. Ukinuna watu watakucheka mara mbili, kwanza kwa utani wenyewe, kisha kwa kununa.

Siku yangu ya kwanza kazini, Mchaga yule alivuka barabara na kikombe cha chai mkononi kuja kumwona mgeni. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, shati limepigwa pasi, mvi zimeanza kuonekana juu ya masikio. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Magomeni. Akasema hajawahi kusikia kabila la Wamagomeni. Nikasema basi ni Mpare. Akakiweka kikombe juu ya kaunta yetu, akapiga makofi.

"Nimeletewa mke," akawatangazia machinga waliopanga soksi chini mbele ya duka. "Mpare kabisa. Nitakula makande mpaka nizikwe."

"Mchaga hazikwi haraka," nikamjibu. "Kwanza adondoshewe sarafu sikioni. Asipoamka ndiyo achimbiwe."

Wakacheka wote. Hata bosi wangu, mzee wa Kihindi ambaye baadaye nilijua hucheka kwa nadra, alitikisika mabega. Nilifurahi sana asubuhi ile. Nilikuwa nimekwenda na hofu, na kabla ya saa nne mtaa mzima ulikuwa unanijua.

Kazi ile niliihitaji. Baba alikuwa karani wa bandarini, amestaafu zamani, na wakati huo figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Mama alikuwa anauza maandazi barazani. Mimi ndiye niliyekuwa na kipato cha kueleweka, na kwa msichana aliyeishia kidato cha nne, kupata duka la watu waaminifu Kariakoo si jambo dogo. Tuliuza vifaa vya ushonaji: zipu, vifungo, bitana, lastiki, nyuzi za cherehani za kila rangi. Bosi aliwasha udi kila asubuhi mbele ya picha ya mungu wake iliyokuwa juu ya rafu ya nyuzi, halafu ananiomba chai, halafu tunafungua. Hakuwahi kunipunja wala kunitukana.

Mchaga aliuza vitambaa vya suti. Kwa hiyo maduka yetu mawili yalikuwa yanaishi pamoja. Mteja akikata kitambaa kule, anaambiwa vuka hapo kwa Mhindi uchukue bitana na vifungo. Mteja akija kwetu na kifungo kimoja mkononi akitafuta kitambaa cha kufanana nacho, nami namvusha. Zaidi ya hapo, bosi wangu alikuwa amekodi kona ya stoo ya Mchaga, ghorofa ya nne, kwenye jengo lake lisilo na lifti. Funguo alikaa nazo Mchaga. Kila nikihitaji boksi la zipu ilibidi nivuke, niombe ufunguo, nipande.

Mkewe alikaa ndani kabisa ya duka lao, penye droo ya pesa. Naye ni Mpare, kutoka milimani kwetu kabisa. Watu walisema huyu bwana anawapenda watani mpaka kaoa mmoja. Yeye aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, leo zamu yako ya kupika." Nami namjibu kwamba jiko letu limezimika, ampelekee mumewe maji ya kunywa alale. Alikuwa mwanamke mpole, anayecheka bila sauti huku amefunika mdomo.

Kwa muda mrefu ulikuwa utani, nami nasema hivyo bila kinyongo. Ulipoacha kuwa utani siwezi kuonyesha kwa kidole. Si kama mvua, ambayo unaweza kusema ilianza tukiwa tumefika Msimbazi.

Nakumbuka hivi. Mwanzoni alikuwa akinipa ufunguo tu, kisha akaanza kusema twende nikuonyeshe boksi lilipo, ingawa boksi liko pale pale lilipokuwa siku zote. Tukawa tunapanda pamoja. Stoo ile ilikuwa na njia nyembamba katikati ya majora ya vitambaa. Alisimama mlangoni akiniachia nafasi ya kupita mtu mmoja mwembamba, na mimi si mwembamba. "Pita, mke wangu." Nikapita. Siku nyingine akaniwekea mkono shingoni, akasema kuna uzi umening'inia. Labda ulikuwepo. Nilicheka. Nilikuwa nacheka kila mara, kwa sababu ndivyo mtu anavyomjibu mtani, na mdomo wangu ulikuwa umeshazoea kufanya hivyo wenyewe.

Baadaye alianza kunitumia ujumbe wa sauti asubuhi, kabla sijatoka kitandani. Umelalaje, mke wangu. Jana ulivaa vizuri. Nilisikiliza ule wa kwanza, zilizofuata nikawa nazifuta bila kufungua. Sikumjibu hata mmoja. Nilipofika dukani hakuuliza kwa nini.

Kitu kimoja nilikigundua mapema, na nilikaa nacho bila kujua nikifanyie nini. Utani unahitaji watu watatu: anayesema, anayesemwa, na anayecheka pembeni. Kule barabarani yule bwana alipaza sauti. Kule stoo alinong'ona. Na kabla ya kunong'ona alichungulia ngazi. Mtu ambaye hajui kama anaudhi hachungulii ngazi. Niliwaza hivyo nikiwa nashuka na boksi kichwani, nikafika chini, nikauza zipu.

Watu wanadhani mwanamke wa namna hiyo analia, au anachemka kwa hasira. Mimi ni mtu wa hasira, waulize waliosoma nami. Lakini kule ghorofani hasira haikuja. Nilikuwa nakufa ganzi. Mkono ukiwa shingoni nilikuwa nasoma maandishi kwenye majora, mita ngapi, rangi gani, imetengenezwa wapi. Nikishuka nilikuwa siwezi kukumbuka kama nimekaa kule dakika mbili au kumi. Nikawa naweka zipu akiba chini ya kaunta, nyingi kupita kiasi, ili nisipande mara kwa mara. Bosi akalalamika duka limejaa.

Nilijaribu kumwambia bosi. Nilisema ningependa tupate stoo nyingine.

"Kwa nini? Ile ya jirani bei nzuri."

"Yule jirani ananisumbua."

Akanitazama juu ya miwani. "Si mtani wako?"

Nikasema ndiyo.

"Basi," akasema, akarudi kwenye mahesabu yake. Hakusema kwa ubaya. Amezaliwa mtaa wa pili kutoka pale, amekulia humo humo, anajua utani ni nini kuliko baadhi yetu. Hapo ndipo nilipoona mtego ulivyo. Neno lenyewe lilikuwa limeshamaliza mazungumzo kabla sijayaanza.

Baba akafariki. Tulimlaza hospitali siku chache tu, akaenda. Msiba ukawekwa nyumbani Magomeni, turubai likafunga nusu ya mtaa, majirani wakaleta masufuria. Mwili ulikuwa usafirishwe kwenda Upareni asubuhi ya siku ya tatu.

Kwenye msiba mtani ana kazi yake, nayo ni kazi ya heshima. Watu wakiwa wamelemewa, yeye huja akavaa koti la marehemu, akaigiza alivyokuwa anatembea, akadai deni la pombe ambalo hakuwahi kumkopesha. Jeneza likitaka kutoka analizuia. Anataka kuku, anataka soda, anataka kiti cha marehemu. Familia inambembeleza, inatoa chochote, na katikati ya kubembelezana waliofiwa wanajikuta wanacheka. Nimeona mama aliyepoteza mtoto akicheka kwa sababu ya mtani, na nikamshukuru mtani yule moyoni ingawa simjui.

Mchaga wetu alikuja na mkewe na watu wa mtaani Kariakoo. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na wanawake, khanga kichwani, mama kanilalia begani. Jeneza lilipotolewa akajilaza chini mbele ya gari, na shati lake lile la pasi.

"Gari halipiti," akasema. "Mzee aliniahidi."

Mwenyekiti wa kamati ya msiba akamletea kreti la soda. Akalisukuma kwa mguu. Wakamletea jogoo aliyefungwa miguu. Akasema jogoo mwenyewe wa Kipare, amekonda, ana njaa kuliko yeye. Watu wakaanza kucheka, nami nakiri alikuwa anaifanya kazi ile vizuri.

"Sitaki kuku. Nataka mke wangu. Mzee kaondoka na deni la mke wangu."

Akainuka, akapita katikati ya wanawake, akanishika mkono akaninyanyua kutoka kwenye mkeka. Akanizungushia mkono kiunoni, akanivuta mpaka mbele ya gari, mbele ya baba yangu. "Huyu hapa. Sasa mzee anaweza kwenda." Vidole vyake vilikuwa vinafanya jambo lao kwenye kiuno changu, chini ya khanga, mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Watu wakapiga vigelegele. Nikamwona mama. Mama hakuwa amefumbua vizuri macho tangu hospitali. Mama alicheka, akacheka mpaka akashika tumbo, mashemeji wakamshika asianguke.

Ningeufanyia nini mkono ule? Ningeutoa, mama angeacha kucheka. Nikasimama hivyo hivyo mpaka gari likawashwa. Sikusikia aibu wala uchungu. Uchungu wa baba wenyewe niliutafuta siku ile sikuupata, na hilo sijamsamehe yule bwana mpaka leo. Tulisafiri na mwili kutwa nzima nikihesabu nguzo za umeme.

Tuliporudi, mama akaanza kupanga arobaini. Tulikuwa uani tunachagua mchele. Akasema nisisahau kumwalika mtani wetu yule, Mungu ambariki, alimpa pumzi siku ile.

Nikamwambia, "Mama, mimi sikupenda alivyonishika."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Alikushikaje?"

Nikamwonyesha, kwenye kiuno changu mwenyewe.

Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayejieleza kwa polisi: "Lakini ulikuwa unacheka. Mimi nilikutazama wewe kwanza. Nilijiuliza, mwanangu yukoje? Nikaona unacheka. Ndiyo na mimi nikacheka."

Sikuwa najua kwamba nilikuwa nacheka. Nilidhani uso wangu siku ile ulikuwa kama ninavyojihisi, yaani si kitu, ukuta. Kumbe mdomo uliendelea na kazi yake. Mama alirudia kuchagua mchele, ila alikuwa anatupa na mchele mzima pamoja na mawe. Hakumtaja mtani tena, na arobaini ilipofika hakualikwa mtu kutoka Kariakoo.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Nilikuwa nausikia msemo huo tangu utotoni, kila tulipokimbizana na vijiti, nikidhani unahusu vijiti. Usiku wa siku ile ya mchele nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sababu nilikuwa nimeamua. Kama watu wanasoma meno yangu, nitayafunga. Lakini kununa kusingefaa. Kununa ni sehemu ya mchezo, mtani anakununisha makusudi. Ilibidi nitoke kwenye mchezo wenyewe kwa mlango ambao kila mtu mtaani anautambua.

Asubuhi Mchaga alikuwa nje anafungua makufuli ya duka lake. "Mke wangu, mbona umepotea, makande yamepoa!"

Nilivuka barabara mpaka mbele yake. Nikasimama, mikono yote miwili nimeshika mkoba.

"Shikamoo, baba."

Machinga mmoja wa soksi akageuka. Kwa umri yule bwana alistahili shikamoo yangu tangu siku ya kwanza, angeweza kabisa kunizaa. Ila watani hawaamkiani hivyo. Shikamoo inamweka mtu kwenye kiti cha mzazi, na kutoka kwenye kiti hicho hawezi kumwita aliyemwamkia mke bila watu kumshangaa. Jibu lake ni moja tu, marahaba, na akishaitikia amekubali kukaa.

Hakuitikia. "Aaa, usinizeeshe bwana," akasema, akicheka. "Nani kakuroga?"

Nikarudi kufungua duka. Kesho yake nikamwamkia tena, sauti ile ile, mahali pale pale. Shikamoo, baba. Akasema wapumbavu wa Magomeni wamenifundisha adabu. Kesho yake tena. Nilimwamkia kila siku ya kazi. Sikuongeza neno, sikucheka, sikununa. Kama nataka ufunguo, "Shikamoo baba, naomba ufunguo," na akianza kupanda nami nabaki chini kwenye ngazi ya kwanza mpaka ashuke. Kama ananiita mke wangu kutoka ng'ambo, sisikii. Nikiitwa kwa jina langu, nasikia.

Shikamoo isiyoitikiwa ina uzito wake. Mwanzoni watu walidhani ni utani mpya. Kisha wakaanza kumsubiri aitikie. Niliona machinga wanavyonyamaza nikivuka, muuza kahawa anavyosimama na birika mkononi. Mtu mzima anaamkiwa na mtoto wa watu, kila siku, na haitikii. Wa kwanza kuacha kucheka pamoja naye alikuwa muuza kahawa. Hawakuwa watu wa kuingilia, na mimi sikuwaomba. Sikuona ushindi wowote katika jambo hili. Ulikuwa ni mzigo mwingine wa asubuhi, kama kufuta vumbi kaunta.

Naye akajibu kwa njia anayoijua. Wateja wa suti wakaacha kuvuka. Alikuwa anawaelekeza kwenye duka jingine la vifungo, mwisho wa mtaa. Wiki ya kwanza bosi hakugundua. Baadaye akaanza kusimama mlangoni, mikono nyuma, akiwatazama watu wanavyotoka kule na mifuko ya vitambaa wakigeuka kushoto.

"Umegombana naye?" akaniuliza.

"Hapana. Ninamwamkia tu."

"Najua. Nasikia." Akavua miwani akaifuta na shati. "Dada, mimi ni mzee. Duka hili linaishi kwa suti. Cheka naye kidogo. Kucheka hakuna gharama."

Nilimwambia, "Bosi, kuna gharama." Nilisema hivyo tu, sikuwa na nguvu ya maelezo. Akasema ataangalia mpaka mwisho wa mwezi, kama hali itabaki hivyo hataweza kuwa na mtu wa kaunta, atakaa mwenyewe. Hakuwa ananitisha, alikuwa ananieleza hesabu. Nikasema nimeelewa. Niliwaza figo za baba kwanza, kisha nikakumbuka baba hayupo, kisha nikamwaza mama na maandazi yake. Kesho yake niliamka nikafanya zoezi mbele ya kioo kidogo, nione kama naweza kucheka kidogo. Niliweza vizuri sana. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikavuka. Ilikuwa siku ya kushusha mzigo, lori limeziba barabara, wapagazi wanapita na majora mabegani. Kwa mara ya kwanza mkewe alikuwa nje, anakagua mzigo, kalamu sikioni. Aliniona akatabasamu.

"Mke mwenzangu! Siku hizi hunisalimii."

"Shikamoo, mama," nikamwambia. Nikamgeukia mumewe. "Shikamoo, baba."

Mchaga akacheka, akatafuta nani wa kucheka naye. Mpagazi mmoja alikuwa anasubiri apishwe. "Unaona huyu mke mwenzako alivyoharibika?" akamwambia mkewe. "Ananiamkia kama babu yake."

Mkewe hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi. Hakutazama meno, alitazama mikono yangu, namna nilivyoubana mkoba tumboni, na miguu yangu, ambayo sasa najua nilikuwa nimeisimamisha mbali, hatua nzima zaidi ya anavyosimama mtu anayezungumza na jirani. Alitazama hivyo mpaka mumewe akanyamaza.

"Mwitikie," akasema.

"Nini?"

"Mtoto amekuamkia. Mwitikie."

Hakupaza sauti. Lakini alisema na wapagazi wamesimama, na muuza kahawa, na bosi wangu mlangoni kwetu. Mchaga akashika shingo yake kana kwamba kola inambana.

"Marahaba," akasema.

Nikavuka kurudi. Nilitegemea nitahisi kitu, furaha au ahueni. Nilipanga vifungo vya kola kwa ukubwa, vidogo mbele.

Mchana ule ule mteja wa kwanza wa suti akavuka, mwanamke anayeshonea wasimamizi wa harusi, akasema ameelekezwa na mama wa pale kwenye droo. Kisha wawili. Mama yule alikuwa anatoka mwenyewe mpaka nje ya duka kuwaonyesha kwa mkono, akihakikisha wamegeukia kwetu. Bosi hakusema chochote kuhusu mwisho wa mwezi. Jioni aliniambia ametafuta kona ya stoo kwa ndugu yake, mtaa wa nyuma, na kwamba ina mwanga.

Siku kadhaa baadaye mke wa Mchaga mwenyewe akaja, saa za watu kwenda kula, duka tupu. Bosi alikuwa nyuma anasinzia. Mama yule alitaka zipu nyeusi za suruali, ingawa wao hawashoni. Nikamtolea. Alizigeuza geuza.

Nilitangulia kusema. Nikamwambia sikuwahi kumtaka mume wake, hata siku moja.

"Najua," akasema. "Ungemtaka usingesimama vile." Akavuta zipu moja juu, akaishusha. "Kwetu alikuja na lori la vitambaa vya mnada. Nilikuwa nachota maji. Akasema mbele ya watu, huyu Mpare ndiye mke wangu. Kijiji kizima kikacheka. Kila wiki akija anasema, wanacheka. Baba naye akacheka, akasema Mchaga, lete mbege ya posa basi. Akaleta."

Nilimuuliza alijibu nini.

Aliniangalia kana kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa na mtu.

"Si mtani?" akasema. "Nilicheka. Nilicheka mpaka kanisani."

Nikamfungia zipu zake kwenye gazeti.